Elia Shimba, Aliyejifunza Kusimama Akiwa na Miaka Arobaini na Mitatu

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Zombo, wilayani Kilosa, leo, Jumamosi tarehe 16 Agosti 2025, familia inawashukuru. Wasifu huu umeandikwa na binti wa marehemu, Doto, na mama yake ameusikiliza wote kabla haujapelekwa kuchapwa. Mwezi uliopita, sauti yake ikiwa bado inasikika vizuri, marehemu alimwita Doto akamwambia, "Siku yangu ikifika watakupa wewe kalamu, maana ndiwe mwenye mwandiko unaosomeka. Usije ukaandika kwamba nilikuwa mpole tangu utoto. Watu wa kijiji cha Ulaya wataondoka makaburini wanacheka."

Doto akamuuliza, sasa aandike nini.

"Andika jela. Halafu andika na yaliyofuata."

Kwa hiyo yote mawili yameandikwa. Mzee Hemedi Madewa, ambaye jina lake litasikika hapa zaidi ya mara moja, alisomewa karatasi hii jana alasiri nyumbani kwake, naye akasema isomwe kama ilivyo.

Marehemu Elia Shimba alizaliwa tarehe 12 Machi 1958 katika kijiji kilicho nje kidogo ya Ngudu, wilayani Kwimba, mkoani Mwanza. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Mzee Shimba na Bi Agnesi Kishiwa, ambao wote wametangulia mbele za haki. Alichunga ng'ombe wa baba yake tangu alipoweza kushika fimbo, na fimbo hiyo aliijua kuliko wenzake wote. Shangazi zake walikuwa wakisimulia kwamba akiwa na miaka saba beberu mmoja alimpiga pembe akaanguka kwenye tope. Aliinuka akamfuata, wakapigana hadi wote wawili wakakaa chini kwa uchovu. Walilisimulia kama kichekesho, na kweli lilikuwa kichekesho, kwa sababu bado alikuwa mdogo.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1966 na kumaliza la saba mwaka 1972. Hesabu aliziweza sana. Mwalimu wake alitegemea angechaguliwa kwenda sekondari, lakini mwezi mmoja kabla ya mtihani wa mwisho marehemu alimpiga kiranja hadi akamng'oa jino. Akasimamishwa shule, akarudishwa siku ya mtihani yenyewe bila kufungua daftari. Hakuchaguliwa. Jambo hili aliwasimulia watoto wake mara moja tu, kila mmoja kwa wakati wake, alipofika darasa la saba, na kila mara alilisema bila kutabasamu.

Tarehe 22 Septemba 1984 alifunga ndoa na Bi Marciana, aliye hai na aliye hapa leo. Mama anasema alimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa kuficha kitu: akifurahi boma zima linajua, akikasirika boma zima linajua. Walijaliwa watoto wanne. Godfrey alizaliwa mwaka 1985, wakafuata mapacha Kulwa na Doto mwaka 1988, na mwaka 1993 akaja Shija, ambaye ninyi mnamfahamu kwa jina la ubatizo, Lightness. Huyu wa mwisho alizaliwa hapa hapa. Mwaka 1991 malisho yalipokwisha kule Kwimba, marehemu na mdogo wake Yohana walishuka na ng'ombe arobaini na tatu, wakatembea zaidi ya miezi miwili, na mwezi Oktoba wakafika Zombo. Walipewa sehemu ya kujenga na watu walioikuta ardhi hii kwa babu zao, na marehemu hakuacha kulitaja hilo hadi mwisho wa maisha yake, ingawa kuna wakati alilisahau.

Wakati huo ndio huu.

Jumamosi ya tarehe 15 Juni 1996, siku ya mnada pale Ulaya, Mzee Hemedi Madewa alimfuata marehemu katikati ya watu. Mzee Hemedi ni mkulima wa hapa Zombo, amemzidi marehemu miaka kumi na miwili. Akamwambia, "Elia, ng'ombe wako wamelala kwenye mpunga wangu kwa mara ya tatu. Mara ya kwanza nilinyamaza. Ya pili nilikuja kwako. Leo nakwambia mbele za watu."

Marehemu alijibu jibu ambalo familia haitalirudia. Mzee Hemedi akasema, "Tulikupa mahali pa kujenga. Hatukukupa mashamba yetu." Hayo maneno yalikuwa ya kweli, na labda ndiyo sababu yalimchoma. Marehemu aliinua fimbo yake ya mchungaji akampiga nayo mtu ambaye mikononi hakuwa na kitu. Mkono wa kushoto wa Mzee Hemedi ulivunjika kwenye kiwiko, na haukunyooka tena hadi leo.

Marehemu alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu, akakitumikia chote. Mama alilima peke yake akiwa na watoto wanne, na mdogo wao bado anabebwa mgongoni. Marehemu alipotoka mwaka 1999 alikuta ng'ombe wamebaki tisa, na alikuta kuna njia hapa kijijini ambayo hawezi kuipita, ile inayopita mbele ya nyumba ya Mzee Hemedi. Akawa anazunguka. Mama anasema kipindi kile kilikuwa kigumu kuliko kile cha kifungo, kwa kuwa hasira ilikuwa bado imo, na sasa imepata mwenzake, aibu. "Alikuwa anakula kama mtu anayegombana na sahani," ndivyo anavyosema.

Mwezi Mei mwaka 2001 marehemu alipata kibarua Mikumi, kwenye kambi ya Wachina waliokuwa wanajenga makalvati na madaraja madogo kwenye barabara ya kuja Kilosa. Alikuwa anachanganya zege. Pale kambini kulikuwa na fundi wa mitambo, mzee mwembamba aliyepita miaka sitini, ambaye jina lake la ukoo lilikuwa Luo. Vibarua wakampa jina la Mjaluo wa China, jambo ambalo vibarua wawili waliotoka Shirati, Wajaluo wenyewe, hawakulifurahia mwanzoni. Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla mitambo haijawashwa, Mzee Luo alikwenda nyuma ya matangi ya mafuta, akasimama. Magoti ameyakunja kidogo, mikono ameizungusha mbele ya kifua kama anayekumbatia mtungi mkubwa, macho yametulia. Nusu saa nzima. Wiki ya kwanza vibarua walidhani anaumwa. Wiki ya pili walidhani ni wazimu. Ya tatu wakamzoea.

Mwezi Julai, kwenye foleni ya chakula, kibarua mmoja alimpita marehemu na kumwambia, "Mfungwa subiri." Marehemu akaokota sepeto. Watu wakatawanyika. Mzee Luo, aliyekuwa anaosha mikono karibu na hapo, akaja akasimama kati yao wawili, mikono mitupu. Marehemu akamsukuma kifuani kwa nguvu zake zote, na marehemu, mnaomkumbuka wa miaka ile, alikuwa na mwili. Alisimulia mwenyewe hivi: "Nilisukuma kifua, nikakuta kifua hakipo. Nikajikuta nimekaa kwenye lundo la mchanga." Akainuka akasukuma tena. Akakaa tena mchangani. Mara ya tatu hakuinuka. Hakuwa ameumia popote, ila alikuwa hajui tena hasira yake iko wapi.

Mzee Luo akachuchumaa mbele yake. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini. "Wewe nguvu nyingi," alisema. "Wewe mguu hakuna. Kesho saa kumi na mbili."

Hivyo ndivyo marehemu alivyoanza taichi, mchezo ule wa Kichina ambao wengi wenu mmemwona akiucheza na baadhi yenu mmeucheza naye. Kwa muda wa miezi mitatu hakufundishwa kitu kingine ila kusimama. Miguu iachane kadiri ya upana wa mabega. Magoti yasikazwe. Kiuno kiachiwe kining'inie. Pumzi ishuke hadi chini ya kitovu, isikwamie kifuani. Mabega yalegee, na hilo la mabega lilimchukua muda mrefu kuliko yote, kwa sababu alikuwa ameishi miaka arobaini na mitatu mabega yakiwa karibu na masikio. Kuhusu shingo na kichwa, Mzee Luo hakuwa na maneno ya Kiswahili ya kutosha. Siku moja walipita akina mama wakitoka kisimani na ndoo za maji kichwani, akawanyooshea kidole. "Angalia mama yule. Yule mwalimu mkubwa."

Marehemu alikuja nyumbani mwisho wa juma akakaa nje akimtazama mkewe akirudi na maji. Akamwambia, "Mama Kulwa, kumbe wewe ni mwalimu mkubwa wa taichi."

"Umegundua leo?" mama akamjibu. "Basi pokea ndoo." Na tangu siku hiyo alikuwa anapokea.

Baada ya kusimama ndipo ukaja mwendo, ule wa polepole ambao watoto wa hapa waliuita kutembea ndani ya maji. Mzee Luo alimfundisha kwamba nguvu haitoki begani. Inatoka chini mguuni, inapanda, kiuno kinaigeuza, mkono unaipokea mwishoni kabisa. Na kabla ya mguu kuna nia: mtu aamue kwanza, halafu mwili ufuate, siyo mwili uruke halafu mtu ajute. Kisha ukaja ule wa watu wawili, kusukumana mikono, ambapo mnagusana tu na kila mmoja anasikiliza kwa ngozi yake mwenzake anataka kwenda wapi. Akija kwa nguvu humzuii. Unampa nafasi anapita.

Mwezi wa nane wa mafunzo marehemu alichoka kungoja, akauliza atafundishwa lini kupiga.

Mzee Luo akafuta mikono kwa tambara. "Kupiga wewe jua tayari," akasema. "Jela wewe jua tayari. Mimi fundisha hiyo tena ya nini?"

Akamweleza, kwa maneno machache na kwa vidole, kwamba yeye mwenyewe alianza akiwa kijana mwenye vidonda vya tumbo, akaendelea kwa ajili ya usingizi, na alipofika uzeeni akagundua kwamba anafanya kwa sababu asubuhi inampendeza. Kujilinda kumo, alisema, ila ni kama kifaa cha kuzimia moto: kinakaa ukutani, na mwenye nyumba anaomba kisishuke.

Kambi ilifungwa mwezi Novemba 2004. Siku ya kuagana Mzee Luo alimpa marehemu karatasi yenye mistari minne ya Kichina, akampigia saluti kwa mzaha, akapanda gari. Hawakuonana tena. Marehemu aliiweka karatasi ile kwenye fremu, akaitundika sebuleni, na kwa miaka kumi na miwili kila mgeni alionyeshwa maneno ya mwalimu, ingawa hapakuwa na aliyejua yanasema nini. Mwaka 2016 alikuja Kilangali kijana wa Kichina kupima udongo, marehemu akaichomoa karatasi, akapanda baiskeli, akampelekea. Yule kijana alisoma, akasoma tena, akaona haya kutafsiri. Marehemu akamsihi. Ilikuwa imeandikwa hivi: Kunywa maji ya moto. Usisimame kwenye upepo ukiwa na jasho. Grisi ya winchi ipo kabati la pili. Msalimie mkeo. Marehemu alicheka njia nzima ya kurudi, akaitundika karatasi pale pale ilipokuwa, na mama akapewa salamu zake zilizochelewa.

Tangu mwaka 2005 marehemu aliajiriwa kuwa mlinzi wa mchana kwenye nyumba ya wageni pale Mikumi, kazi aliyoifanya hadi mwaka 2019. Jumatatu alikwenda kwa baiskeli, Ijumaa jioni alirudi Zombo. Asubuhi kabla ya zamu alicheza uani, na taratibu watu wakaanza kusogea. Wa kwanza alikuwa Bi Magreti, muuza chapati, ambaye magoti yake yalikuwa hayamruhusu kuinuka kwenye kigoda bila kushikwa mkono. Baada ya mwaka mmoja aliinuka peke yake, na tangu hapo marehemu hakununua tena chapati Mikumi, alipewa. Wakaja wazee wengine. Halafu wakaja vijana kumi na mmoja wa bodaboda wakitegemea kuruka na kurusha mateke kama kwenye mikanda ya video. Aliwasimamisha dakika ishirini. Siku ya pili walikuja wanne, ya tatu akaja mmoja, Alex, ambaye leo ndiye anayeongoza wenzake pale Mikumi. Alex anakumbuka kwamba aliuliza kama taichi inaweza kumsaidia mtu akikutana na tembo barabarani. Marehemu alifikiri kwa makini, akasema, "Inasaidia pumzi. Utakimbia vizuri."

Hapa kijijini haikupokelewa kwa urahisi. Kuna waliomwona alfajiri akienda taratibu nyuma ya zizi, mikono hewani, wakasema jela imempa mambo ya gizani. Katekista Boniface alikuja kumhoji, kama ilivyo wajibu wake, akamuuliza anamwomba nani. Marehemu akamwambia, "Katekista, simama hapa karibu nami. Kunja magoti kidogo. Sasa sali Baba Yetu, ila usianze neno lingine kabla pumzi haijaisha." Katekista alisali. Yupo hapa, na ameruhusu isemwe kwamba alipofika kwenye "utusamehe makosa yetu" ilibidi akae chini, kwa kuwa alikuwa hajawahi kuisema bila haraka. Hakuhoji tena.

Sasa tunafika tarehe 18 Mei 2013, siku ya Jumamosi. Mpunga ulikuwa umekomaa. Ng'ombe wa boma letu, wakiwa chini ya wachungaji vijana waliosinzia, waliingia tena kwenye shamba la Mzee Hemedi. Mtoto wake wa kiume, Athumani, alikuja na panga. Nyuma yake walikuwapo vijana sita au saba wa kwao. Godfrey na binamu zake nao walifika na fimbo, wakajipanga upande wa pili wa jaruba. Wengi wenu mnajua jinsi siku za namna hiyo zilivyoishia sehemu nyingine. Wanawake walikuwa wameshaanza kuwaita watoto ndani.

Marehemu alitoka nyumbani bila fimbo. Alimpita Godfrey, akamwambia kwa sauti ya kawaida, "Weka chini hiyo," na hakusubiri kuona kama imewekwa. Akaingia kwenye maji ya jaruba akitembea polepole hadi alipo Athumani. Athumani alikuwa mtoto wa miaka kumi siku baba yake alipovunjwa mkono, naye alimwona mvunjaji anakuja. Akamshushia panga.

Familia haitaki kuongeza chumvi, kwa kuwa marehemu mwenyewe alichukia habari hii ikikuzwa. Alikatwa. Alishonwa nyuzi saba juu ya kiwiko. Lakini mkono wake ulikuwa umeshagusa mkono wa Athumani na haukubanduka. Kiuno kiligeuka, panga likaanguka kwenye maji, na Athumani akakaa kwenye tope kama mtu aliyewekwa pale na mama yake. Hakuumia hata ukucha. Halafu marehemu akafanya jambo ambalo hakufundishwa na yeyote: akakaa na yeye kwenye tope, kando ya yule kijana, damu ikimtiririka, mbele ya vijana wote wa pande zote mbili. Akainua uso kwa Mzee Hemedi aliyekuwa amesimama kwenye tuta.

"Shikamoo, kaka Hemedi," alisema.

Walikuwa hawajasalimiana kwa miaka kumi na saba. Godfrey anasema hapakuwa na aliyejongea. Ng'ombe walikuwa wanaendelea kula mpunga, na hakuna aliyewaangalia. Mzee Hemedi alimtazama yule mtu aliyekaa kwenye maji, akamtazama mwanawe, akatazama mkono wake mwenyewe.

"Marahaba," alisema. Kisha akasema, "Toeni hao ng'ombe, wanamaliza mpunga."

Ng'ombe wakatolewa na vijana wa pande zote mbili. Juma lililofuata marehemu, mkono umefungwa bendeji, alikwenda na watoto wake kuvuna kilichobaki, wakapura na kukibeba hadi nyumbani kwa Mzee Hemedi, kwa ile njia ambayo alikuwa haipiti. Na kuanzia mwaka ule wazee wa wakulima na wa wafugaji hapa Zombo walianza kukaa pamoja kabla ya mpunga kukomaa na kukubaliana njia za kupitishia ng'ombe. Vikao hivyo vinaendelea, na tunawashukuru wote wanaovihudhuria, hata vinaporefuka.

Mwezi Oktoba mwaka huo huo Mzee Hemedi alikuja mwenyewe asubuhi, marehemu akiwa uani. Akasema amesikia kwamba anawanyoosha wazee wa Mikumi. "Na huu," akauinua ule wa kushoto kadiri alivyoweza, "utanyooka?"

"Hautanyooka, kaka. Nikisema utanyooka nitakuwa nakudanganya. Ila bega linaweza kufunguka."

Walisimama wakatazamana, wakagusanisha mikono kwa ule mchezo wa kusukumana. Marehemu alimwambia mama usiku ule kwamba miaka kumi na miwili ya mazoezi ilimtoka mara moja. Alipogusa kile kiwiko alichokivunja pumzi ilipanda kifuani ikakwama, mabega yakapanda, magoti yakakazana. Mzee Hemedi alisikia kwa ngozi yake, kama mchezo unavyotaka, ingawa ndiyo kwanza anajifunza. Akamwambia, "Elia, pumua. Mimi ndiye mgonjwa." Wakaanza upya.

Walifanya hivyo kila Jumamosi. Ilipofika Ramadhani ya mwaka 2015 Mzee Hemedi aliweza jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu mwaka 1996: kuinua mikono yote miwili hadi masikioni anapoanza swala. Alikuja kumwonyesha marehemu. Marehemu aliwaambia watoto wake kwamba kama Mungu angemuuliza taichi imemfaa nini duniani, angejibu hilo na angenyamaza.

Mwishoni mwa mwaka 2018 mkono wa kulia wa marehemu ulianza kutetemeka. Madaktari wa Morogoro walimwambia ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, hauponi, ila unaweza kucheleweshwa kwa dawa na mazoezi. Aliuliza mazoezi gani. Daktari akataja ya kulinda mizani ya mwili, ya polepole, yenye pumzi. Lightness, aliyemsindikiza, anasema baba yake alicheka hadi daktari akamuuliza kama ameelewa. Aliacha kazi mwaka 2019. Kwa miaka sita alitetemeka lakini hakuanguka, isipokuwa mara mbili, na mara zote mbili aliinuka bila kuvunjika. Alipokuwa hawezi tena mwendo mzima alifanya nusu, alipokuwa hawezi nusu alisimama tu, alipokuwa hawezi kusimama alikaa kwenye kiti nyayo zikiwa chini. Familia inawashukuru wauguzi waliomhudumia Mikumi na Morogoro, kikundi cha mazoezi cha Mikumi kilichokuja kila mwezi, na Athumani Madewa, ambaye tangu mwaka jana ndiye aliyekuwa akimbeba marehemu kwenye pikipiki yake kwenda kliniki, akiendesha taratibu kiasi kwamba baiskeli zilimpita.

Mwanzoni mwa mwezi huu alipata homa ya mapafu. Alilazwa Mikumi siku nne, akaomba arudishwe nyumbani. Asubuhi ya Jumatano tarehe 13 Agosti aliomba akalishwe kwenye ukingo wa kitanda. Godfrey alimshika, mama akaketi upande wake. Akaweka nyayo sakafuni akazipanga kwa taabu, moja, halafu nyingine, hadi akaridhika. Akavuta pumzi mara kadhaa. Mama akamuuliza kama anataka uji. Akasema, "Ngoja kidogo." Aliendelea kukaa hivyo, bega lake likiwa kwenye bega la mama, na mama hakujua ni pumzi ipi iliyokuwa ya mwisho, kwa kuwa zilikuwa zimetulia na kila moja ilikuwa ndefu. Ilikuwa kama saa moja na nusu asubuhi. Alikuwa na umri wa miaka sitini na saba.

Marehemu ameacha mjane, Bi Marciana, watoto wanne, Godfrey, Kulwa, Doto na Shija Lightness, wakwe watatu, wajukuu kumi na mmoja, ambao wanane kati yao wanaweza kusimama dakika kumi bila kujikuna, mdogo wake Yohana na dada yake Kishiwa, wajina wa mama yao, aliyesafiri kutoka Ngudu, wanafunzi wake wa Mikumi na Zombo, na kaka yake, Mzee Hemedi Madewa, aliyeomba atajwe kwenye orodha ya ndugu, na familia imekubali kwa moyo wote.

Tunamshukuru Mungu aliyetupa mtu huyu mara mbili. Amlaze baba yetu mahali penye utulivu, mabega yakiwa chini, naye apumzike bila haraka.